Kufuli la kujirudia haliponyi kerneli

Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia ilishauri kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapoganda kwa sababu prosesa inasubiri kufuli (alama inayoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja) ambalo yenyewe imelishika, dawa ni kulifanya kufuli hilo liwe la kujirudia, yaani limtambue anayelishika, limruhusu alishike tena, na kuhesabu ameingia mara ngapi. Dawa hiyo hutuliza dalili tu.

Chukua fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, inayoshika kufuli ili kuondoa kipengele katika orodha, kisha, kabla haijamaliza kuunganisha viungo vinavyotoka kipengele kimoja hadi kingine, ikaita fanksheni nyingine inayoipitia orodha hiyohiyo. Kwa kufuli la kawaida mashine itaganda papo hapo, jambo linaloudhi lakini linaloonyesha kosa lilipo. Kwa kufuli la kujirudia fanksheni ya pili itapita, ikiamini kwamba orodha iko salama, na itasoma viungo ambavyo havijakamilika. Mashine itaanguka baadaye, pengine mahali pasipohusiana kabisa na orodha hiyo.

Linux, mfumo endeshi huria, iliyapitia haya. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilikuwa na kufuli kuu moja la kerneli ili mfumo uweze kutumia prosesa zaidi ya moja. Aliyelishika aliweza kulishika tena, na, ajabu zaidi, lilijiachia lenyewe kila kazi iliyolishika ilipolala, yaani ilipositishwa ikisubiri jambo fulani, hata ikawa vigumu kusema lililinda data ipi hasa. Liliondolewa kabisa katika toleo la 2.6.39, Mei 2011, baada ya miaka ya kulichomoa kipande kwa kipande.

Marekebisho ya kweli ni kuigawa fanksheni: ya nje ishike kufuli na kuliachia, ya ndani ifanye kazi ikidai kwamba kufuli tayari limeshikwa, na fanksheni zote ambazo tayari zimeshika kufuli ziite hiyo ya ndani. Ikiwa anayerudi kudai kufuli ni kishughulikia-kikatizo, yaani programu inayoitwa pale kifaa kinapoikatiza prosesa kazi yake, basi vikatizo vizimwe kwenye prosesa hiyo kabla ya kulishika.

Tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006, Linux ina kikaguzi cha lockdep, kazi ya Ingo Molnar, kinachofuatilia mpangilio wa kushika makufuli na kuonya hata kabla mashine haijaganda. Hupunguza kasi, ndiyo maana huwashwa katika kerneli za majaribio. Mwandishi wenu angewahimiza wasomaji kukiwasha kabla ya kubadilisha aina ya kufuli lolote.

Msomaji wenu,
Morogoro