Mkizima chokaa, maji yatangulie

Mhariri,

Bado mafundi wengi huzima chokaa (yaani huichanganya chokaa iliyotoka tanuruni na maji) kwa kumwagia rundo maji kidogo. Rundo huchemka, likarusha uji wa moto usoni.

Kilo 1 ya chokaa isiyozimwa hutoa takriban kilojuli 1,160, joto la kuchemsha lita 3 za maji. Joto hilo ni sehemu tu ya lile lililofyonzwa tanuruni: kuchoma jiwe la chokaa hula kilojuli 178 kwa moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), kuzima hurudisha 65 hivi.

Tieni maji kwanza kwenye pipa la chuma (ndoo ya plastiki hulainika), lita 3 au 4 kwa kilo, kisha chokaa kidogo kidogo mkikoroga. Miwani ni lazima. Chokaa ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi dakika 20, kisha hospitali.

Mwalimu wa kemia,
Tanga