Wito wa Harambee: Tumalize Mpango wa Mto Kabla ya Mvua za Machi

Wapendwa wana wa Kano, wa Muhoroni, wa Koru, wa Fort Ternan na wa Tinderet, mlio nyumbani na mlio Nairobi, Mombasa, Eldoret na ng'ambo, sisi wa chama cha watumiaji maji wa Mto Nyando tunawasalimu katika jina la Mwenyezi Mungu aliyetuvusha mwaka.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mto Nyando unateremka kutoka milima ya Nandi na Kericho, unapita mashamba ya chai na ya miwa, unatandaa kwenye uwanda wa Kano, kisha unamwagika ghuba ya Winam. Barua ya Kijaluo isingesomwa Tinderet, na ya Kikalenjin isingesomwa Ahero. Wito huu ni wa wote wanaokunywa mto huu.

Tunaomba kwa haya, maana si mara ya kwanza kuwagongea mlango. Na safari hii hatuombi mabati wala saruji. Tunaomba pesa za kuwakutanisha watu, kupima mto na kuandika mpango mmoja wa maji utakaofuatwa na kila ofisi. Tunajua neno "mkutano" linavyosikika masikioni mwa mzazi ambaye ndiyo kwanza amemaliza kulipa karo ya Januari. Tunawasihi msome hadi mwisho kabla ya kuamua.

Ukiingia darasa la nne katika shule yetu ya msingi, utaona mstari wa tope ukutani, sawa na kifua cha mtoto aliyesimama. Mwalimu aliukwaruzia tarehe kwa msumari: Mei 2024. Mwaka huo shule zilipaswa kufunguliwa Aprili 29, zikaahirishwa kwa sababu ya mafuriko, hatimaye taifa likafungua Mei 13. Siku hiyo, mahali watoto wetu wanapoimbia wimbo wa taifa palikuwa na mashua. Pampu ya mkono tuliyoichangia wenyewe ilizama, ukabaki mpini tu juu ya maji. Mama mmoja aliufunga leso nyekundu ili mashua zisiugonge. Maji yalipopungua, kisima kilikuwa kimechanganyika na vyoo. Tuliifunga pampu kwa mnyororo, na mpaka leo kila mtoto huja shuleni na chupa ya lita 5 kutoka nyumbani. Mwenye chupa ndogo huomba kwa mwenzake kufikia saa sita.

Huo ni upande mmoja. Januari hii mto uleule umenywea hata akina mama wanafukua mchanga kwa bakuli, wanangoja maji yajichuje, wanachota kikombe baada ya kikombe mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Wenye mpunga huko chini wanalalamika kwamba wa juu wamefunga maji. Wa juu nao wanasema mvua haikunyesha. Mwaka jana vijana karibu wapigane kwa sababu ya mashine moja ya kuvuta maji.

Kwa nini tunasema dawa ni kukaa pamoja? Hesabuni wanaoushika mto huu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo hutoa vibali vya kuvuta maji. Serikali za kaunti, Kisumu, Kericho na Nandi, ndizo hutandaza mabomba. Misitu ya milimani ina wenyewe, skimu ya mpunga ya Ahero ina wenyewe, barabara na makalvati yana wenyewe, na Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa iko Kisumu tangu 1979. Kila mmoja ana bajeti yake na mwaka wake wa fedha. Mto hauna mpaka wa kaunti wala haujui Juni 30.

Tumeonja matokeo yake. Kuna ofisi moja, hatutaitaja, ilileta tingatinga ikazibua mtaro wa barabara upande wa juu. Kazi nzuri, barabara ikapona. Lakini hakuna aliyeuliza mtaro ule unaishia wapi. Uliishia kwenye ua wa shule. Miezi michache kabla ya hapo, ofisi nyingine ilikuwa imetandaza bomba palepale, na tingatinga likalikata. Pesa za umma zimetumika mara mbili, na watoto hawana maji wala ua. Hatusemi kuna aliyetaka mabaya. Tunasema hawakuwahi kukaa meza moja.

Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 29, inavitambua vyama vya watumiaji maji kama chetu kwa kazi mbili: kusimamia maji kwa pamoja na kusuluhisha migogoro. Chama kikiwa na mpango wa bonde uliokamilika na kukubaliwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kinaweza kubisha hodi kwenye Hazina ya Sekta ya Maji kuomba fedha za kupanda miti, kulinda chemchemi na kujenga vizuizi vya mmomonyoko. Bila mpango, hatuna cha kupeleka. Rasimu yetu imefika nusu. Tuliichora kwenye karatasi za manila, na karatasi mbili zilikuwa kwenye kabati ya chini pale shuleni maji yalipoingia. Zilikuwa na chemchemi zote za upande wa Koru, walizozitembelea wazee kwa miguu kwa wiki tatu. Kazi hiyo lazima irudiwe.

Tukumbushane jambo moja la kututia moyo. Katika mafuriko yale, watu walipokuwa wamelala kwenye madarasa ya shule jirani iliyo mwinukoni, lori lilifika usiku limejaa viazi na kabichi. Lilitoka Kericho. Ni watu walewale ambao sisi wa chini tumezoea kuwalaumu kwamba ndio wanaotuletea maji mekundu. Hakuna kamera iliyokuja nao. Walishusha magunia, wakasali pamoja nasi, wakarudi kabla ya barabara kufungwa. Kamati ya bonde ilizaliwa usiku ule, si ofisini.

Na ninyi pia mmetoa. Ile pampu ni jasho lenu. Makanisa, msikiti wa Ahero, vikundi vya akina mama, wana wetu walio Uarabuni, hakuna aliyetutupa. Hata hivyo turuhusiwe kusema ukweli kama ndugu: mtu akifa, ndani ya siku tatu simu ya mweka hazina inajaa michango. Tungeomba wepesi huohuo kwa ajili ya walio hai. Wapo pia waliotoa ahadi katika harambee ya pampu na hawajazitimiza. Majina tunayo, hatutayasoma hadharani, na mlango bado uko wazi kwao.

Hesabu ni hii. Kupima mto na kuchora upya ramani ni shilingi 210,000. Vikao vitatu, kimoja Fort Ternan, kimoja Muhoroni, kimoja Ahero, pamoja na nauli na chakula cha wajumbe wa kutoka mbali, ni 285,000. Vipimo viwili vya kina cha maji na mafunzo ya watakaovisoma kila asubuhi ni 60,000. Kuchapisha mpango ni 45,000. Jumla 600,000. Mkononi tuna 187,400, kwa hiyo tunatafuta 412,600. Maafisa wa serikali watakuja kwa kazi yao, hawatalipwa posho kutoka mfuko huu. Wenye mchele, maharagwe au kuku wa kulisha wajumbe, leteni, na gharama ya vikao itashuka.

Kila mchango utaandikiwa risiti. Akaunti ina watia sahihi watatu, mmoja kutoka juu, mmoja kati, mmoja chini. Hesabu itabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu katika kila lokesheni, na kusomwa makanisani na msikitini. Namba ya kutuma kwa simu imo kwenye kadi za harambee mlizopewa. Msitume kwa namba nyingine yoyote, hata mkiambiwa ni ya mwenyekiti.

Harambee itakuwa Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Hakutakuwa na mgeni rasmi. Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki michango ya hadhara, nasi tumeona afadhali iwe hivyo, maana mto huu una wapiga kura wa kila upande. Padri na imamu watafungua kwa sala, kisha tutaanza na mia za watoto wa shule wenyewe.

Tuna ombi moja la mwisho lisilohitaji pesa. Kwenye kuta za nyumba nyingi kuna alama za maji ya mafuriko ya zamani. Ukanda wa kulinda mto, ule wa mita 6 hadi 30, hupimwa kuanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, na alama hizo ndizo ushahidi tulio nao. Ukutani mwa darasa la nne, chini ya mstari wa 2024, kuna mistari miwili iliyofifia isiyo na tarehe. Anayeikumbuka ni ya mwaka gani aje atuambie. Mwenye picha ya zamani aje nayo. Na tafadhali, yeyote anayejiandaa kupaka nyumba rangi kwa ajili ya Pasaka, asubiri wapimaji wapite kwanza.