Mwanangu amepata 1.8. Sasa hajui nini?

Mhariri,

Ile habari yenu ya walimu wakuu wanaolalamika kwamba wazazi ndio wanaowafanyia watoto projekti za shule niliisoma nikiwa kaunta, projekti zenyewe zikitoka kwenye mashine nyuma yangu. Nina duka la fotokopi hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na miaka yote hii nimenyamaza. Basi niwathibitishie: ni kweli. Watoto wanakuja na flashi, au na simu ya mama, wananiambia, "Anti, toa ile ya sabuni ya maji, badilisha jina tu." Nabadilisha jina. Kuchapa ni shilingi elfu moja kwa ukurasa, na jalada la plastiki lina bei yake. Hii ni biashara, sioni haya. Ila mlichosahau kuandika ni kwamba mwalimu anayezipokea anajua. Sabuni ile ile, picha ile ile ya ndoo ya bluu, hata kosa la tahajia kwenye ukurasa wa pili ni lile lile, na bado anaipa alama. Anaipa kwa sababu ametakiwa kupeleka alama, na karatasi iliyofungwa vizuri inamtosha.

Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza Februari 2020 tuliambiwa mtoto hatahukumiwa tena kwa mtihani mmoja wa mwisho. Wiki chache baadaye korona ikafunga shule, zikaja kufunguliwa kabisa Januari 2022, lakini ahadi ilibaki: asilimia 20 ya alama za UCE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, zitoke kwenye kazi za darasani, 80 zibaki kwa karatasi ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kundi la kwanza likafanya mtihani wa namna hiyo mwaka 2024. Nilifurahi. Nilidhani mwalimu sasa atamtazama mtoto wiki baada ya wiki, aone anakwama wapi, amrudishe hapo hapo kabla mada haijapita. Kumbe kutazama kumeachwa, kilichobaki ni kukusanya namba. Hiyo 20 imekuwa mtihani mwingine uliokatwa vipande vipande na kugawanywa kwenye mihula.

Mfano ninao nyumbani. Mwanangu wa kidato cha pili alileta ripoti, hesabu 1.8, na mbele yake wameandika "wastani". Ile mizani yao inaishia 3, kwa hiyo mtu anaona mtoto hayuko vibaya. Nikaenda shuleni siku ya wazazi, nikapanga foleni, nikafika mbele ya mwalimu wa hesabu. Nikamuuliza kwa adabu, "Mwalimu, mwanangu hajui nini?" Akafungua rejista. "Mama, yuko wastani." Nikasema hilo nimelisoma, naomba kujua hajui nini. Akapitisha kidole kwenye mstari: 1.6, 2.0, 1.8. "Anatakiwa kuongeza bidii." Bidii ya kufanya nini? Kijana anakesha na daftari mpaka mimi ndiye ninayemzimia taa! Nikamwomba tulifungue hilo daftari pale pale mezani. −3 − 5, ameandika 8. X nyekundu. −2 − 6, ameandika 8. X nyekundu. Ukurasa unaofuata, −4 − 1, ameandika 5. X tena, na chini yake 4 kwa 10. Mtoto hakuwa anabahatisha, Mhariri. Alikuwa na kanuni kichwani: alisikia hasi na hasi ni chanya, ambayo ni kanuni ya kuzidisha, akaibeba mpaka kwenye kutoa, na akaitumia kwa uaminifu kurasa nzima nzima. Kosa moja limesahihishwa muhula mzima na hakuna aliyelisoma. Jioni yake kijana mmoja anayebadilisha pesa nje ya duka langu ndiye aliyemwuliza: "Nakudai tatu, ukaja kukopa tano tena. Tuko wapi?" Mtoto akajibu nane. "Nane mfukoni kwako au nane za deni?" Akakaa kimya kidogo, akacheka, akachukua kalamu. Haikufika hata muda wa kunywa soda. Huyo kijana hana rejista wala hapeleki alama popote. Ila alisikiliza jibu la mtoto, akauliza swali la pili. Mwalimu wa watu anaposahihisha bila kuuliza lile swali la pili, hiyo tathmini inamsaidia nani?

Najua darasa lile lina watoto zaidi ya tisini. Najua pia mwalimu anafundisha vidato vitatu. Simchukii. Lakini usije ukaniambia hana nafasi ya kusoma daftari huku ana nafasi ya kujaza rejista ile ile mara mbili, ya karatasi na ya kompyuta.

Na kwa kuwa nimeshaanza, hizi pesa za mitihani nazo ni za nini? Mtaala mpya umekuja, lakini mtihani wa kufungua muhula upo, wa katikati upo, wa kufunga upo, na kila mmoja tunaulipia. Karatasi zinanunuliwa kwa wachapishaji, nyingine zinaletwa kwangu kurudufishwa zikiwa bado na jina la shule ya wilaya nyingine juu, naambiwa nilifunike kwa kipande cha karatasi nyeupe. Maswali yanauliza mada ambazo watoto hawajafundishwa. Kisha wanafeli, kisha mzazi anaitwa. Mwalimu pekee niliyemjua aliyekuwa akiandika maelezo pembeni mwa insha za watoto, sentensi kamili, "hapa umeruka kutoka soko hadi nyumbani, nani alilipa boda?", alikuwa wa Kiswahili. Huyo ameacha. Mwaka 2022 serikali ilipowapandishia walimu wa sayansi wenye digrii mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wale wa sanaa, wa Kiswahili wakiwemo, waligoma na wakarudi darasani kama walivyotoka. Yeye sasa anauza vipuri vya malori hapa mpakani, na Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Watoto wa Malaba wanaosikia Kiswahili tangu alfajiri kwa madereva wananakili insha ubaoni.

Ushauri wangu ni huu. Namba zipigwe marufuku kwa muhula mmoja. Pale palipokuwa pa 1.8 mwalimu aandike sentensi moja tu: hiki hukijui, fanya hivi. Wote tisini hawezi kwa siku moja, basi achukue kumi kila Jumatano akianza na benchi la nyuma, na mtoto airudie kazi ile ile badala ya kupewa nyingine mpya. Projekti zifanyiwe shuleni, Ijumaa mchana, sabuni ikorogwe mbele ya mwalimu na ikikataa kushika mtoto aeleze kwa nini imekataa. Hapo ndipo mtampa alama, na mimi nitapoteza wateja, haidhuru.

Na UNEB wasihangaike kutuma mtu shuleni kukagua mafaili. Mafaili nayachapa mimi. Wamtume aje akae dukani kwangu ile wiki ya mwisho kabla alama hazijapelekwa. Kiti nitampa bure, chai atajinunulia.

Mama mwenye duka la fotokopi,
Malaba, Tororo