Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua nguo nyingine

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi hatujambo, na ni matumaini yetu kwamba nawe u mzima na umeanza kuizoea kazi yako mpya. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unapolalamika kwamba wenzako huonekana watanashati hata wakiwa wamevaa shati na suruali tu, ilhali wewe, mwenye kabati lililojaa, hutoka nyumbani kila asubuhi ukijiona kama mtu aliyevaa gizani. Umeomba nikuongezee fedha za nguo. Fedha nitakutumia, lakini si sasa, kwa kuwa ninavyoona mimi shida yako si uchache wa nguo. Hao unaowasifu wamekuzidi jambo moja tu: wanazishughulikia nguo zao wakati ambapo hawajazivaa.

Kwa hiyo anza kwa kutoa kila kitu kabatini, kisha uvae nguo moja moja mbele ya kioo kwenye mwanga wa kutosha. Usijiulize kama nguo ni nzuri. Jiulize kama imekukaa. Kwa shati, macho yaende begani kwanza. Mshono unaounganisha mkono wa shati na kiwiliwili chake unapaswa kuishia pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukiteremka mkononi, shati linapwaya na utaonekana umeliazima, na ukipanda kuelekea shingoni, litakubana kila unapoinua mkono. Bega nalitanguliza kwa sababu ndilo gumu kurekebisha: fundi anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono na kukunja pindo bila taabu kubwa, lakini kubadilisha bega kunakaribia kulishona shati upya, na mara nyingi matokeo yake hayapendezi. Shati lililokukataa begani mpe mwenzako ambaye litamkaa, hata kama ulilipenda sana dukani.

Halafu funga vifungo vyote na utazame kifuani. Ukiona mikunjo inakimbilia kwenye kifungo kimoja kutoka pande zote, shati hilo limekuwa dogo. Kola iliyofungwa iache nafasi ya vidole viwili, na mkono mrefu uishie kwenye kifundo cha mkono, wala usikifunike kiganja. Baada ya hapo keti, uiname kidogo, unyooshe mkono kama mtu anayefikia faili lililo mbali. Watu wengi hujaribu nguo wakiwa wamesimama wima, kana kwamba huko kazini hakuna viti.

Suruali zako, kama nizikumbukavyo, karibu zote ni ndefu kupita kiasi, na kitambaa hurundikana juu ya viatu. Pindo liguse kiatu kwa mbele na lisiburure sakafuni kwa nyuma. Zipeleke kwa fundi zote kwa pamoja, na uende na viatu unavyovaa kazini, kwa maana kisigino cha kiatu ndicho kinachoamua urefu wa suruali. Zile za pamba ambazo hazijawahi kufuliwa zifue kwanza, kwani pamba huweza kusinyaa inapoguswa na maji mara ya kwanza, na pindo lililopimwa vizuri likajikuta liko juu ya kifundo cha mguu.

Ukimaliza kupima, geuza nguo ndani nje na ukague sehemu zinazovutwa zaidi: pembe za mifuko, mwisho wa zipu, kwapa, na mshono wa nyuma wa suruali. Udhaifu wa sehemu hizo ni wa zamani mno, na hata jinzi tunazozivaa leo zilitokana nao. Jacob Davis, fundi cherehani aliyefanya kazi Nevada, alichoshwa na suruali za vibarua zilizokuwa zikichanika mifukoni, akaanza kuzipigilia misumari midogo ya shaba kwenye pembe. Tarehe 20 Mei 1873 yeye pamoja na kampuni ya Levi Strauss, iliyokuwa ikimuuzia vitambaa, wakapewa hataza ya jambo hilo nchini Marekani, yaani haki ya kisheria ya kuwa wao tu wenye kulitengeneza. Wewe huhitaji shaba. Unahitaji sindano, uzi wa rangi inayolingana, na kukumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa vile nakujua, najua vifungo ndivyo vitakavyokushinda, basi nikueleze. Unaposhona kifungo cha koti au cha shati zito, usikikaze hadi kikagandamana na kitambaa. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, pitisha uzi juu ya njiti hiyo unaposhona, na ukishapita mara za kutosha, ichomoe njiti, uvute kifungo juu, kisha uuzungushe uzi kati ya kifungo na kitambaa kabla ya kupiga fundo upande wa chini. Kifungo kitapata shingo fupi, na upande wa pili wa nguo utakuwa na mahali pa kukaa bila kukunjamana. Kazi hii haizidi muda wa kuchemsha maji ya kuoga, na ni aibu kijana aliyesoma kukaa juma zima na shati lisilo na kifungo cha tumboni.

Sasa kufua. Kila nguo ina kitambulisho kidogo ndani, na ule mchoro wa beseni lenye namba 30 au 40 unakuambia kiwango cha juu cha joto la maji ambacho nguo hiyo inastahimili. Nguo za rangi nzito zigeuze kabla ya kuzifua na uzianike kivulini, kwa sababu jua kali huzipausha. Doa la damu ulifue kwa maji baridi tu, kwa kuwa joto huligandisha ndani ya nyuzi. Ile rangi ya manjano kwenye makwapa ya mashati yako meupe haitokani na jasho peke yake; mara nyingi ni jasho lililokutana na chumvi za alumini zilizomo katika dawa za kuzuia jasho. Iache dawa ikauke mwilini kabla ya kuvaa, na ufue shati siku hiyo hiyo. Usikimbilie dawa yenye klorini kila unapoona doa, na kwenye sufu, hariri au nguo zenye kunyumbuka usiitumie kabisa, kwani huharibu nyuzi.

Kuhusu lile shati la kijivu ambalo unasema linanuka hata baada ya kufuliwa, nadhani ukisoma kitambulisho chake utakuta ni poliesta tupu. Kitambaa hicho, ambacho nyuzi zake zilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Dickson, kina sifa zake: hakikunjamani ovyo na hukauka upesi. Ila hakinyonyi jasho kama pamba, na hushika harufu ya mwili kuliko pamba. Livae siku za baridi chini ya koti, na usiliache likiwa na unyevu ndani ya kapu la nguo chafu. Kulipulizia manukato hakutasaidia. Utakuwa na harufu mbili badala ya moja.

Pasi ndiyo inayotenganisha watu, nami hapa nitakaa kidogo. Vidoti vilivyo kwenye alama ya pasi katika kitambulisho cha nguo vina maana: kimoja ni joto la chini, viwili la wastani, vitatu la juu. Shati la pamba lipigwe pasi likiwa na unyevunyevu, si likiwa limekauka kama karatasi. Anza na kola, ukitoka kwenye ncha kuelekea katikati, ili kama kitambaa kitasukumwa, mkunjo usiishie kwenye ncha ambayo kila mtu anaiona. Fuata na ncha za mikono, mikono yenyewe, mabega, kisha kiwiliwili, na upite kati ya vifungo kwa ncha ya pasi. Suruali nyeusi na za bluu iliyoiva zipige kwa upande wa ndani au uweke kitambaa juu yake, la sivyo zitang'aa magotini na makalioni kama zimepakwa mafuta. Jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau ni kungoja. Joto na unyevu hulegeza nyuzi za pamba, nazo hushika umbo lao jipya zinapopoa na kukauka; ukilivaa shati likiwa bado na moto wa pasi, mgongo wa kiti ndio utakaolipa umbo. Litundike usiku, ulikute asubuhi likiwa limetulia.

Viatu nitavitaja kwa ufupi. Usivae jozi moja ya ngozi siku mbili mfululizo ikiwa unayo nyingine, kwa kuwa ngozi hunyonya jasho la mguu na huhitaji muda wa kukauka. Vikilowa, vijaze magazeti na uviweke mbali na jua kali na moto, maana ngozi inayokaushwa kwa haraka hupasuka. Futa vumbi kwanza ndipo upake rangi. Ukipaka juu ya vumbi unasugua mchanga ndani ya ngozi. Tazama pia visigino, kwa sababu kisigino kilicholika upande mmoja huonekana hata na mtu aliye nyuma yako, na kukibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi viatu.

Rangi zisikuumize kichwa. Ukiwa na suruali ya kijivu, ya bluu iliyoiva na ya kahawia, na mashati meupe na ya samawati, karibu kila shati litapatana na karibu kila suruali, na hutahitaji kufikiri ukiwa na usingizi. Mkanda ukaribiane na viatu, soksi zikaribiane na suruali. Fulana zenye maandishi makubwa kifuani ziache ziwe za nyumbani. Mtu hapaswi kukusoma kabla ya kukusalimu. Mtu akikuambia kwamba lazima ufuate kila mtindo unaoingia, mwache aufuate yeye.

Ukishayafanya hayo yote ndipo uniandikie tena kuhusu fedha, na unitajie kwa majina nguo zinazopungua: si "nguo za kazini" kwa ujumla, bali suruali moja ya rangi fulani, au viatu vya aina fulani. Nitakutumia bila kinyongo. Na usinunue shati jipya la samawati kwa sababu ya kola tu. Umeniandikia kwamba la zamani limelika pale linapogusana na shingo, lakini umesema kiwiliwili chake bado ni kizima. Usilitupe. Litume kwa mtu yeyote anayekuja huku, nifumue kola hiyo, niigeuze upande wa chini uwe juu na kuirudishia, kisha nikurudishie shati. Upande wa chini wa kola huwa haujaguswa na shingo hata kidogo, na ukishonwa vizuri hakuna atakayejua. Lifue kwanza, lakini usilipige pasi. Mikunjo ya zamani itanisaidia kuona mshono ulipopita.

Mdogo wako anakusalimu, na anasema ukitoa nguo zilizokukataa, za kwanza ziwe zake.

Akupendaye daima,

Mama yako