Barua kwa mwanangu, kabla hujapanda ndege

Mwanangu Kahindi,

Shangazi yako ameniambia viza ya Doha imetoka na utasafiri kabla ya Krismasi. Nimefurahi, na usiku sikupata usingizi. Katika nyumba hii hajatokea mtu aliyeshika pasipoti, na baba yako amekwisha kuwatangazia wote sokoni. Ila mimi nina neno moja nawe: umezungumza na mdogo wako Karisa?

Jumapili tuliwasha mshumaa wa pili wa Majilio, majuma haya ya kujiandaa na Noeli. Injili ilikuwa ya Yohana Mbatizaji kule nyikani, kwamba tumtengenezee Bwana njia, mabonde yajazwe na vilima vishushwe. Kila padri alipotaja kilima, niliwaona ninyi wawili. Tangu mambo ya ile pikipiki hamsalimiani. Karisa alikosa, najua, na maneno yangu ya siku ile nayo hayakupoza kitu. Lakini wewe ndiye mkubwa, Kahindi, na mkubwa ndiye huanza.

Umetuma pesa za mchele wa sikukuu na nguo za watoto, Mungu akuzidishie. Mkono wako haujawahi kuwa mzito. Lakini Majilio si manunuzi, baba. Ile zambarau anayovaa padri ni rangi ya toba, na Jumapili zote nne hatuimbi wimbo wa Utukufu. Tunauweka hadi Misa ya usiku wa Noeli. Wewe siku hiyo utauimba na kinyongo kifuani? Yesu amesema katika Mathayo sura ya 5: ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende upatane naye kwanza. Hakusema umsubiri yeye aje.

Ukishampigia, nenda kwenye kitubio huko huko Nairobi, uungame kwa lugha unayoijua vizuri. Usiahirishe mpaka ufike ugenini. Padri ameniambia Doha kuna kanisa la Mama Yetu wa Rozari, lilifunguliwa mwaka 2008, na wafanyakazi wengi husali Misa siku ya Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku yao ya mapumziko. Kwa hiyo usije ukaniambia Jumapili ulikuwa kazini. Ulizia mapema, wiki ile ile ya kwanza. Kijana aliyesimamia usomaji wa Neno jumuiyani akiwa bado na sare za shule hawezi kunishinda na hilo.

Huku kaskazi imeshika na Karisa anatoka na mashua ya watu kila alfajiri. Embe ngowe zimeiva mpaka zinaanguka zenyewe. Nitakutumia ndoo moja kwa basi la Alhamisi, uwape na wenzako unaokaa nao. Makuti ya jikoni yamechoka. Baba yako anasema yatafika mwakani, mimi naona mvua ya kwanza tu itatunyea sufuriani. Mguu wake umepungua uvimbe lakini dawa anaziruka, umwambie wewe, mimi hanisikii. Mkataba wako umeusoma wote? Acha nakala kwa shangazi yako.

Karisa hajabadilisha namba. Baharini hurudi alasiri, na magharibi huwa yupo nyumbani. Jumapili hii ni mshumaa wa tatu, padri atavaa rangi ya waridi, Jumapili ya furaha. Mpigie kabla ya hapo.

Mama yako