Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dawa Inapobabua Ngozi

Ndugu wanachama,

Ada na hesabu mtazisoma kwa mweka hazina. Mimi naomba nafasi hii niseme jambo zito kwetu tunaosimama kaunta za maduka ya dawa: ugonjwa wa ngozi wa Stevens-Johnson na ule mkali zaidi, TEN (toxic epidermal necrolysis), ambao humbabua mgonjwa kama aliyeungua moto.

Dawa zinazousababisha tunazigawa kila siku: kotrimoksazoli na SP ya malaria, zote zenye sulfa; nevirapini ya VVU; karbamazepini, fenitoini, fenobarbitali na lamotrijini za kifafa; alopurinoli ya jongo; piroksikamu ya maumivu. Dalili huanza zaidi kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu kuanza dawa. Hapo ndipo tunapokosea, kwa kuuliza mgonjwa amemeza nini jana. Ulizeni wiki 8 nyuma, hata SP ya mara moja, kwani sulfa yake hukaa mwilini wiki kadhaa.

Homa, macho mekundu na koo kuuma hutangulia kwa siku chache. Kisha hutoka madoa yanayouma zaidi ya kuwasha, na midomo huchubuka. Sukuma ngozi taratibu kwa kidole kando ya doa. Ikiteleza kama ganda la nyanya iliyotiwa maji moto, usiuze krimu wala kidonge cha mzio. Simamisha dawa inayoshukiwa, mgonjwa aende hospitali saa hiyo hiyo. Kiganja chake pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili. Ngozi ikibabuka zaidi ya asilimia 30, hiyo ni TEN, na takribani mgonjwa 1 kati ya 3 hufariki.

Kwa wenzetu wa wodini: plasta isigandishwe kwenye ngozi hiyo. Krimu ya vidonda vya moto yenye silva salfadiazini nayo ni sulfa, iepukwe sulfa inaposhukiwa. Macho yaangaliwe tangu siku ya kwanza, maana kope huweza kugandana na upofu ukafuata.

Walio hatarini zaidi ni wanaoishi na VVU. Thiasetazoni ya kifua kikuu ilitufundisha hivyo kwa uchungu mapema miaka ya 1990. Alopurinoli ni hatari zaidi figo zikiwa dhaifu, au mtu akiwa na jeni ya HLA-B*58:01. Kwa lamotrijini, kosa ni kupandisha dozi haraka. Mtu mzima huanza miligramu 25 kwa siku wiki 2, kisha 50 wiki 2; akiwa anatumia valproeti, nayo ya kifafa, huanza 25 kwa kuruka siku: leo anameza, kesho hamezi.

Aliyepona apewe kadi yenye jina la dawa. Kama ilikuwa karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali ziandikwe pia, kwani zina undugu. Fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe hata mkishuku tu.