Leo imekuja ya kichwa

Imara Daima, Nairobi

Ndugu yangu Mutua,

Hamjambo huko Githurai? Mtoto amepona kile kikohozi? Sisi huku tu wazima.

Daftari letu bado ninalo. Tangu uhame, kila asubuhi naandika treni iliyonipeleka mjini: DMU, yaani treni ya dizeli yenye injini ndani ya mabehewa yake, au mabehewa ya kuvutwa na kichwa cha treni. Mwezi uliopita nilisafiri siku 20, DMU ikaja mara 14. Nazipenda hizi DMU, usinielewe vibaya. Zilitoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, mwaka 2020, na ziliweza kutembea hapa kwa sababu reli ya kule nayo ina upana wa mita 1, sawa na hii yetu iliyofika Nairobi 1899.

Lakini Jumanne, Mutua! Kabla sijaiona niliisikia miguuni, jukwaa likitetemeka. Ilikuwa ya kichwa cha daraja la 93, zile injini za dizeli za General Electric kutoka Marekani. Tulipofika mjini sikuondoka na wenzangu. Nilibaki nikitazama kijana mmoja akishuka kati ya kichwa na behewa la kwanza. Alichomoa mpira wa breki, hewa ikafoka mpaka suruali yake ikapepea, kisha akafungua kiungo. Kichwa kikasonga mbele, kikarudi polepole kwa njia ya pembeni, kikaunganishwa upande wa pili. DMU haihitaji hayo yote. Dereva hubeba mkoba wake akaenda kuketi kwenye chumba cha upande mwingine, safari ikaanza.

Jumamosi nikaingia makumbusho ya reli pale karibu na stesheni, nikasimama mbele ya kichwa cha mvuke namba 5918, Mount Gelai. Injini za aina yake, Garratt za daraja la 59, zilikuwa 34, nyingi zikiitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na leo twazijua moja moja kwa sababu kuna waliokaa wakaandika namba zao. Hizi 93 nazo zimezeeka. Siku zikiondolewa, sitaki zitoweke bila mtu kujua ni ipi ilivuta watu wa Ruiru na ipi ya Syokimau.

Kwa hiyo nakuomba, nunua daftari. Laini yako ya Ruiru mimi siifikii. Andika tarehe na namba iliyo ubavuni mwa kichwa, basi. Na ukikutana na 93 yoyote, usingoje barua, nipigie jioni hiyo hiyo.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Otieno